Ufa wa Ukutani na Namba za Redio

Ninyi vijana mtakaosoma haya mmezoea kuambiwa tetemeko ni namba. Basi sikieni namba zilivyotumika kumfukuza mke wa mwanangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Ifakara, mchana, tunapepeta mpunga uani. Ardhi ikatikisika. Mke wa mwanangu alikuwa ndani na mtoto mchanga. Akatoka mbio mikono mitupu, mtoto akabaki kitandani. Ukuta wa udongo ukapasuka, bonge likamwangukia mtoto mguuni. Hakuvunjika, ila alilia mpaka sauti ikakauka.

Jioni redio yetu ikasema ukubwa wa tetemeko ni nne. Redio ya jirani ikasema tano. Mwanangu akaing'ang'ania nne.

"Nne hata kuku hashtuki," akamwambia mkewe. "Paka anabeba wanawe kwa meno. Wewe una mikono miwili."

Wifi zake wakacheka. Mmoja akamrushia kanga. "Jifunge, mkimbiaji, usije ukadondosha na nguo."

Mwanangu akaamua arudishwe kwao Chita, mtoto abaki. Wazazi wake wakaitwa waje wasikie.

Kesho yake akapita mtaalamu wa miamba, anakagua nyumba. Nikamuuliza: nne au tano?

"Zote kweli, mama. Ni mizani mbili tofauti, kila moja inapima nguvu ya tetemeko kule lilikoanzia. Kuna kipimo kingine, hicho kinatazama lilivyowafikia ninyi. Watu walikimbia? Kuta zilipasuka? Kule kijiji cha Kisawasawa, kwenye mawe, vyombo viligongana tu. Ninyi mmejenga juu ya tope la bonde, limewatikisa zaidi."

Mwanangu alisikia yote.

Asubuhi nikamkuta anakanyaga udongo na pumba. Alitaka kuukandika ule ufa kabla wakwe hawajafika, ukuta uonekane mzima, tetemeko libaki nne. Mkewe alikuwa kizingitini na kifurushi chake, maziwa yamemlowesha gauni. Alikatazwa kumgusa mtoto.

"Mama, nimiminie maji," mwanangu akasema.

Sikumpenda yule binti. Mvivu, na kukimbia alikimbia kweli. Lakini hao wifi waliocheka ndio waliotangulia kufika barabarani ardhi ilipotikisika.

Nikalipindua beseni la udongo kwa mguu, nikawaita wote uani.

"Asiukandike mtu ukuta huu mpaka wazazi wake wauone. Na mpeni mtoto wake amnyonyeshe, sasa hivi."