Mwashoki wa Mlangoni

Kila asubuhi Apollinarie alichota madumu matatu ya maji. Mawili yalikuwa ya nyumbani. La tatu lilimfikisha mlangoni mgongo ukiwa umekufa ganzi, na nusu yake aliimwaga kwenye shina la mti usiozaa tunda na usiotoa kivuli cha kumtosha hata kuku. Majirani zake wa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walimwona akifanya hivyo na wakamwacha. Walijua mti ule ni wa mume wake.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alifika Nakivale mwaka 2015 akitoka Rumonge, Burundi, pamoja na mume wake Venuste na binti yao Doriane, ambaye sasa ameolewa mji wa jirani wa Kaberebere. Kwao Venuste alikuwa mwashi. Hata hapa kambini, ndiye aliyewaonyesha majirani namna ya kupanga matofali ya udongo ili ukuta usiinamie njiani baada ya mvua mbili. Kiwanja walichopewa kilikuwa kidogo: nyumba, jiko, choo, na kipande cha maharage na mahindi ambacho mtu angekimaliza kwa hatua ishirini.

Mwaka wa sita macho ya Venuste yalianza kufa. Yalianza kufa pembeni. Alijigonga mabega milangoni, akakanyaga vifaranga, akawaita watu waliokuwa wamesimama karibu naye kabisa. Alidhani ni uzee. Walipokwenda hospitali ya misheni ya Ruharo, kule Mbarara, daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akawaeleza taratibu. Ilikuwa presha ya ndani ya macho. Kilichokwisha kupotea kisingerudi. Matone yangejaribu kukilinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kitobo katikati, kama vile mtu anachungulia kwenye bomba.

Apollinarie aliyaelewa maneno hayo kidogo kidogo, kwa kuishi nayo. Venuste alipomtazama usoni aliona jicho moja, au mdomo, au sikio lenye hereni. Nyumba aliyoijenga mwenyewe aliiona vipande vipande, akaviunga kwa kumbukumbu. Mkewe alimshika mkono kwenda chooni, alimpakulia, alimtia matone, kisha alikwenda kulima mashamba ya watu, maana chakula cha msaada kilikuwa kimepunguzwa, na baadaye kikapunguzwa tena.

Katika safari yao ya tatu ya Ruharo, walikaa kando ya barabara wapumzike kabla ya kurudi. Upande wa pili, nje ya ukuta wa nyumba ya mtu, palikuwa na miti iliyopandwa kwa mstari. Ilikuwa myembamba kama nguzo, na majani yake marefu yenye kingo za mawimbi yalining'inia kuelekea chini. Venuste aligeuza kichwa, akatulia.

"Mama Doriane, mti ule nauona."

"Miti iko mingi hapo."

"Sikiliza. Nauona wote. Toka chini mpaka juu. Hakuna kilichokatika."

Apollinarie alikuwa hajaisikia sauti ile kwa zaidi ya mwaka. Alimwacha atazame mpaka alipotosheka, ingawa jua lilikuwa linaenda.

Mbele kidogo ya pale palikuwa na mzee anayeuza miche, jina lake Rwakabuba. Alikuwa Mnyankore wa hapo Mbarara, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha jeshini. Venuste alimuuliza habari za mti ule.

"Hii naitwa ashoka. Wengine nasema mwashoki," alisema Rwakabuba. "Haitaki pahali kubwa. Unapanda karibu na nyumba, inapanda juu tu. Lakini iko na kichwa moja. Wewe hapana kata kichwa. Ukikata, itanenepa kama kichaka."

Apollinarie alitaka mparachichi, na alisema hivyo mbele yao wote wawili. Parachichi linaliwa. Rwakabuba alimtazama Venuste, ambaye alikuwa ameinama akiyapapasa majani ya mche kama mtu anayepima kitambaa. Akaenda nyuma, akarudi na mche uliopinda shingo.

"Nyabo, mama, chukua hii. Mwaka mzima hakuna mtu nataka. Mimi nakupa."

Waliupanda hatua kumi kutoka mlangoni, mahali palipokuwa na safu ya maharage. Venuste alitoa timazi lake, uzi ule wenye kipande cha chuma ambao waashi hupimia ukuta. Alisimika kijiti, akaufunga mche juu yake, akateremsha uzi, kisha akapitisha vidole mpaka shina na uzi vikaenda pamoja. Kila wiki alirudia kazi hiyo. Baada ya miezi sita, shingo ya mche ilikuwa imenyooka.

Lakini maji aliyachota Apollinarie. Wakati wa mvua haikuwa taabu. Kiangazi kilipofika foleni ya bomba ilichukua saa nzima, pengine mbili, na kuna siku bomba lilikauka kabla zamu yake haijafika. Aliuchukia mti ule. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Aliamka nayo, akaivaa kama kanga. Jioni, alipoketi kando ya mume wake, Venuste alimsimulia mti: leo umeongeza majani mawili, leo ncha imefika usawa wa dirisha. Apollinarie hakujibu sana. Hata hivyo, kesho yake alirudi bombani.

Mwezi wa nane, mwaka wa pili wa mti, alirudi na dumu kichwani akamkuta mbuzi uani. Alikuwa mbuzi wa Orpa, mjane Mkongomani aliyekaa nyumba ya pili. Kamba ilikuwa imekatika shingoni. Ncha yote ya mti, urefu wa mkono kutoka kiwiko, ilikuwa imekwenda, na mbuzi alikuwa anamalizia majani ya chini. Venuste alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, uso ameuelekeza palepale.

Alisikia hatua za mkewe. "Umerudi," alisema. "Tazama ncha yake leo. Majani mapya yanang'aa. Umenyooka kabisa."

Apollinarie alisimama. Alimtazama mbuzi, akamtazama mume wake.

"Unauona?"

"Wote. Toka chini mpaka juu."

Aliteremsha dumu. Alimshika mbuzi kwa kipande cha kamba kilichobaki, akamburuta mpaka kwa Orpa. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya ugomvi. Orpa alipotoka na kuuona uso wake, alielewa.

"Mama Doriane, unisamehe. Kamba ilikuwa ya zamani. Ilikula nini?"

"Amekula kichwa cha mti."

"Yote?"

Apollinarie alifungua mdomo amgombeze, na kitu kingine kikatoka. "Haoni," alisema. "Mume wangu haoni kitu. Mbuzi alikuwa mbele ya macho yake." Kisha akakaa chini kwenye vumbi.

Orpa alimletea kikombe cha maji. "Ikala kwanza," alisema. "Weye unachokaka mingi." Aliketi naye mpaka kikombe kikaisha.

Apollinarie alirudi nyumbani saa sita mchana. Venuste alikuwa palepale.

"Mbuzi wa Orpa amekula kichwa cha mti," alimwambia.

Venuste aliuliza: "Lini?"

"Ulipokuwa unanisifia."

"Nilisikia majani yakitikisika. Nilidhani upepo."

"Tangu lini huoni?"

"Tangu Pasaka. Niliamka nikadhani ni ukungu. Nikangoja uondoke. Haukuondoka."

Tangu Pasaka ilikuwa miezi minne. Apollinarie alikumbuka jioni zote zile, majani mawili, ncha na dirisha. Alikumbuka pia kwamba mwezi wa sita Venuste alikataa kwenda Ruharo, akisema barabara inamchosha, amchukulie tu dawa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kuchota."

"Ningeacha," alisema Apollinarie. "Kweli ningeacha."

"Ndiyo sababu. Ule ni mti wa mwisho nilioona mzima. Sikutaka ufe kwa kiu."

Hakumsamehe siku hiyo. Aliacha kumwagilia. Kwa wiki tatu alipita kando ya kile kijiti chenye majani machache yaliyochanika, dumu kichwani, akaingia ndani. Alichota mawili tu. Alitarajia kupata nafuu, na mgongo ulipata kidogo, lakini jioni zilikuwa ndefu sana. Venuste hakuwa na la kusimulia, naye hakuwa na la kuuliza. Walikula maharage yao na kulala.

Mwisho wa wiki ya tatu alimpeleka Ruharo. Daktari alimmulika, akathibitisha alichokisema Venuste mwenyewe, akawapa pole. Walipotoka, Rwakabuba aliwaona kutoka mbali, akawaita.

"Mti yangu iko?"

"Mbuzi amekula kichwa," alisema Apollinarie.

Mzee aliguna. "Basi itatoa vichwa tatu, nne. Wewe chagua moja, ile nasimama. Hizo zingine kata. Itapona, lakini shingo itabaki na alama." Alimtazama Apollinarie kwa muda. "Wewe nyabo uko mgonjwa?"

"Nimechoka tu."

"Hata mimi," alisema Rwakabuba, na akawasogezea benchi wakae.

Walipofika nyumbani, Apollinarie alikwenda moja kwa moja kwenye mti. Alitegemea kukuta kijiti kikavu. Udongo ulikuwa umelowa. Pale mbuzi alipouma, vilikuwa vimetokea vichipukizi vitatu, vidogo, vya rangi ya kahawia. Orpa alikuwa anatazama kutoka uani kwake.

"Miye njo nilikuwa nainyweshaka," alisema. "Asubuhi mingi, wakati ulikuwa unaenda kulima. Mayi ya kusukutua ma sahani. Mbuzi ni yangu, kosa ni yangu."

Apollinarie alimwita Venuste, akamshika mkono, akauweka juu ya vile vichipukizi. Mwashi alivipapasa kimoja kimoja, polepole, akarudia.

"Hiki cha kati," alisema. "Kimekaa juu ya shina. Vile viwili vimetoka ubavuni."

Apollinarie akavikata hivyo viwili kwa kisu cha jikoni. Wakakifunga kilichobaki kwenye kijiti kirefu zaidi, na Venuste akaomba timazi.

Miaka miwili imepita. Mti umelipita paa la bati, na majani yake yanakaribia kugusa ardhi. Usawa wa kifua shina lina nundu. Maji wanagawana na Orpa, wiki hii mmoja, wiki ijayo mwingine, na wakati wa mvua hakuna anayemwagilia. Ruharo hawaendi tena. Doriane huja Jumapili baada ya misa, kama barabara ya Kaberebere inapitika.

Jioni sasa Apollinarie ndiye anayesimulia. Hapendi kusema mengi, na mara nyingine anasinzia katikati ya maneno. Anaanza na mti: una vumbi, kuna ndege amejenga humo. Kisha anaendelea na anachokiona nyuma yake, nani amepita, nani amebeba nini, kwa Orpa wanapika. Juzi alipomaliza, Venuste aliuliza:

"Na wewe, uko vipi leo?"

"Nimechoka, Baba Doriane."

"Ingia ulale. Maharage nitayasikilizia mimi yakichemka."

Aliingia, akalala na viatu miguuni.