Haraka Aliyofundishwa na Wifi Yake

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ile walimwita Chapuchapu. Shuka likitoka mashineni, yeye alishalipiga pasi na kulikunja kabla wenzake hawajamaliza kulalamikia joto. Mkono mwepesi, lakini Kiingereza kilimpiga chenga. Nafasi ya kuhudumia mezani ilipotangazwa, alimkimbilia wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akifanya kazi mapokezi kwenye hoteli hiyohiyo na kuishi nao nyumba moja.

"Wifi yangu, nisaidie. Angalau maneno ya haraka. Huko mezani kila kitu ni mbio."

"Hilo tu? Njoo tuoshe vyombo."

Basi jioni, mikono ikiwa ndani ya povu, wifi akamfundisha. *Quickly*, upesi. *At once*, mara moja. "Na mgeni akikuita, mwambie *hurry up*. Ndiyo heshima yenyewe, kwamba niko mbioni kukuhudumia. Useme huku unatabasamu."

Mumewe, dereva wa kubeba wageni, alikuwa palepale na kikombe chake cha chai. Akakohoa kidogo, akaendelea kunywa.

Siku ya majaribio, mgeni mmoja mzee, mwenye magongo, alikuwa akijikongoja kuelekea mezani. Akampungia mkono. Chapuchapu akatabasamu kwa moyo wote.

"Hurry up, sir! Hurry up!"

Mzee akaduwaa. Kisha akajaribu kuongeza mwendo, gongo likateleza, akadaka ukingo wa meza na glasi ikapasuka sakafuni. Chapuchapu akamkimbilia, na katika kumtuliza akazidi kumrudia maneno yaleyale.

Mkuu wa wahudumu akamvuta kando. "Dada, una wazimu? Mtu ana magongo, wewe unamwambia afanye haraka?"

"Si namwambia niko mbioni?"

"Unamhimiza yeye! Nani kakufundisha?"

Chapuchapu alipiga magoti akaokota vipande vya glasi, uso ukimwaka kwa aibu, asithubutu kumtazama mzee. Mchana huohuo akarudishwa kwenye pasi.

Nyumbani alimkuta wifi akipaka rangi kucha, mumewe ameketi kando.

"Wifi, nilikukosea nini?"

Wifi hakuinua hata macho. "Kaka yangu umemchukua. Mama kutwa anasifu mapishi yako. Mimi humu ndani nilibaki na Kiingereza tu. Nacho ukakitaka?"

Hilo lilimchoma, ila angelimeza. Wifi ni wifi. Akamgeukia mumewe. "Na wewe? Ulikuwepo, ukasikia, na Kiingereza unakijua."

Mumewe akacheka, akamshika bega. "Mke wangu, utani wa mawifi mimi nitauingiliaje? Isitoshe, haraka haraka haina baraka."

Akautoa ule mkono begani kwake, taratibu, akaenda kukaa nje.

Mkuu wa wahudumu, alipopata kisa chote, ndiye aliyemfundisha upya wakati wa chakula cha mchana. Nafasi nyingine ilipopatikana, Chapuchapu akaipata. Nyumbani walishangilia, wifi akamkumbatia mbele ya mama mkwe. Akawashukuru wote kwa adabu.

Lakini habari za kazini hakumsimulia tena mumewe. Alipoulizwa mbona siku hizi yuko kimya, alijibu tu, "Nimechoka, baba watoto," akageuza uso ukutani.