Mpima Mashamba na Mama Wakwe wa Wamaza

Mtu wa serikali aliruka mwenyewe kwenye matope mpaka magotini, bila kusukumwa na mtu. Mchana kweupe, kofia mpya kichwani, kijiji kizima cha Wamaza kinatazama.

Kisa? Kamwona Mama Régina.

Ngoja niwaeleze vizuri. Bibi yetu Régina alikuwa akisimulia hii anacheka mpaka anashika mbavu. Lakini enzi zenyewe, za Wabelgiji hapa Kongo, jamani, alianza kwa kulia.

Octave alikuwa mtu wa kampuni ya pamba. Kazi yake maneno tu. Kila mara yuko njiani kwenda Kabambare, anampelekea Muzungu mkubwa wa serikali pale kuku na mayai, huku anamimina sumu yake taratibu.

"Bwana, bonde la Wamaza iko udongo ya pamba kabisa. Wanapanda mupunga, wanaharibu mahali bure."

Kuku wakaliwa. Maneno yakaingia.

Siku si siku, Leta, ndivyo watu walivyoiita serikali, ikatangaza mpima mashamba wake mpya wa Wamaza. Nani? Octave huyo huyo! Kofia ya serikali, viatu bado vya kampuni.

Amri ilikuwa fupi. Shamba atakalolipima kwa kamba yake linageuka la pamba. Asilolipima linabaki kwa mwenyewe.

Régina alikuwa mjane. Mali yake ni shamba moja la mpunga bondeni aliloachiwa na mama yake, ndilo lililomlisha yeye na binti yake Louise. Na pamba hailiwi. Aliposikia jina la Octave, alikaa chini palepale kwenye kinu, akalia kama mtu aliyefiwa.

Jioni yake, hodi hodi. Mjomba wa Octave na mtungi wa pombe ya ndizi. Posa! Octave kampenda Louise.

"Aka!" Régina akawaka. "Anataka kuninyang'anya shamba, anataka na mutoto? Mutu gani huyu?"

Louise akaangalia chini, ila tabasamu likamponyoka. "Mama, miye namupenda. Ile kazi yake tu ndiyo sipendi."

Jirani yao Cécilia, mama wa ukoo wao mwenye umri mkubwa kuliko wote pale kijijini, akaanza kucheka peke yake.

"Régina, weye unalala usingizi? Pokea pombe! Pokea leo leo!"

Régina akamtazama. Akaelewa. Akaupokea ule mtungi kwa mikono miwili.

Kwao, ukishaposa, mama wa mchumba ni mama mkwe wako, na dada zake pia, na kila mama wa ukoo wake. Mkikutana njiani unampisha, unaingia majanini. Shamba alimosimama hulikanyagi hata iweje. Octave alilijua hilo tangu utotoni. Ila kapenda, na akili yake yote ilikuwa kwa Louise.

Siku ya kupima, akina mama walitangulia. Kila mmoja katikati ya shamba lake, jembe mkononi, mpole kabisa.

Octave kaja na kamba. Kamwona Régina. Ndipo aliporuka kwenye matope.

Akajinasua, akajaribu shamba la pili. Cécilia huyo! "Mukwe yangu, uko muzima?" Octave akarudi kinyumenyume. La tatu, mama mdogo wa Louise. La nne hata hakusogea. Mpaka jua linakuwa kali, amepima zizi moja tu, la mbuzi wa sultani, mkuu wa kijiji. Acha vigelegele!

Muzungu akamwita Kabambare, uso mwekundu.

"Octave, uko na mama mukwe ngapi?"

"Wote, Bwana."

Wakamhamishia Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Harusi imeshafungwa, Louise wake yuko naye, hakuwa na kinyongo hata kidogo.

Lakini kampuni haikulala. Ikarudi kunong'ona: safari hii tuteulieni karani wetu wa Kasongo. Mzee, mkali, ana mke tangu ujana wake. Huyu hataposa mtu.

Leta ikakubali tena.

Habari ilipofika, Régina alikosa hata hamu ya kula. Ujanja umeisha. Siku ya siku Cécilia akasimama tu shambani na Régina, amemshika mkono, kumtia moyo.

Mzee akaja, haangalii mtu. Akakunjua kamba. Akainua uso.

Kamba ikaanguka. Mzee huyooo, kwenye matete!

"Jambo, mama mukwe," sauti ikatoka mle ndani.

Cécilia akashika kiuno. "Mama weee! Kumbe ni Marcellin, bwana ya Victorine! Mbona hawakutaja jina?"

Victorine alikuwa binti wa mdogo wake Cécilia, kaolewa Kasongo zamani sana. Wazungu waliuliza kama karani ana mke. Hawakuuliza mke katoka wapi.

Marcellin akaripoti Kabambare kwamba bonde lina maji mengi, pamba itaoza. Mtu wa kampuni akisema hivyo, nani atabisha? Mwaka ule Régina alivuna mpunga wake wote.

Funzo ni hili, ndugu zangu. Mtu wa kampuni akipewa kofia ya serikali, msiishie kulia kwenye kinu. Kampuni imemuingiza ofisini, na nyinyi muingizeni kwenye ukoo. Ofisini atatoka jioni. Kwa mama mkwe hatoki.