Mama Chupa na Mafuta ya Mikokoni

Pale bandarini walimwita Mama Chupa, na yeye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa kuchota: maji ya bahari, tope la chini ya gati, mafuta ya meli. Kila alichochota alikitia kwenye chupa ya kioo, akabandika tarehe, akaenda kukipima. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la kamba, chenye sinki mbili, jokofu lililonguruma kama gari bovu, na mashine ya kuchambua mafuta ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa mikono.

Asubuhi moja wavuna kaa walikuja kusema mikoko imepakwa lami. Hawakutia chumvi. Alipofika na buti zake za mpira alikuta mafuta mazito meusi yameganda kwenye mizizi, kutoka matopeni mpaka usawa wa kiuno, na maji yakijaa yanaleta mengine. Mashimo ya kaa yalikuwa yamezibwa. Mama mmoja alikuwa amemshika kaa kwa nyuma, anamfuta kwa upindo wa nguo.

"Huyu bado mzima," alisema. "Lakini hata nikimsafisha, nitamrudisha wapi?"

Mama Chupa akafungua chupa. Akachota.

Meli sita zilikuwa zimetia nanga nje, pamoja na tishali linalozijazia mafuta. Kila nahodha aliapa kwamba kwake halijamwagika hata tone. Akapanda moja baada ya nyingine na kuchota kwenye matangi yao. Kwenye tishali aliyempokea alikuwa kaka yake, fundi wa pampu. Baba yao alipofariki, kaka huyu ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake amalize.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unataka tangi lipi?"

"Yote."

Alimfungulia moja moja, akamshikia taa, lakini hakumtazama usoni hata mara moja.

Ile mashine huchora mstari wenye milima na mabonde, na kila mafuta yana mchoro wake. Michoro ya meli sita haikufanana na ule wa mikokoni. Wa tishali ulifanana, mlima kwa mlima. Mama Chupa alirudia kipimo mara mbili, akiomba kimoyomoyo mashine iwe imeharibika. Haikuwa imeharibika. Akajikaza, akaenda kwa mkuu wa maabara.

"Mzee, kwenye tishali yupo kaka yangu. Naomba mtu mwingine apime upya, asiambiwe chupa zimetoka wapi."

"Na majibu yakiwa yale yale?"

"Yatakuwa yale yale."

Na ndivyo yalivyokuwa. Akatia sahihi ripoti, kisha mchana ule ule akaenda kwa kaka yake, maana hakutaka aisikie kwa watu. Alimkuta sebuleni akitia mafuta cherehani ya mkewe. Alipomweleza, kaka alilifunga kopo taratibu.

"Tulikuwa tunapokea shehena mpya kutoka meli kubwa, ile iliyoondoka zake," alisema. "Bomba letu la mpira lilikuwa na ufa. Nilimwambia msimamizi mara mbili. Akasema lifungeni kwa tambara, tumalize. Likapasuka. Mpaka nafunga vali, yalishamwagika. Tukaambiwa atakayefungua mdomo hana kazi."

"Wifi," mke wa kaka alisema kutoka mlangoni, "kweli umeona umchongee kaka yako?"

"Mwache," kaka alisema. "Ningetaka mtu wa kufichaficha mambo nisingempeleka shule."

Alisema hivyo, lakini sauti haikuwa na nguvu, na dada yake alipoaga hakumsindikiza. Kesho yake alikwenda mwenyewe ofisi ya bandari, amebeba kipande cha lile bomba. Tishali likazuiwa, wenye nalo wakaamriwa kusafisha ufuo. Wiki ile ile wakamfukuza kazi. Wifi naye akamnunia Mama Chupa, akawa hapokei simu zake.

Kaka hakukaa bure. Watu wa bandari walihitaji fundi wa pampu za kuoshea ufuo, wakamchukua kwa miezi mitano. Siku nyingine ndugu hawa wawili walijikuta kwenye tope moja, yeye akivuta mpira wa maji, dada akijaza chupa, wakizungumza habari za watoto tu. Upande wa nje, ambako mawimbi hupiga, kaa walirudi baada ya mwaka wa pili. Upande wa ndani mikoko ilipukutisha majani na kukauka ikiwa imesimama, na ukichimba kina cha koleo moja bado mafuta yalichuruzika.

Mwaka wa tatu simu ya Mama Chupa iliita akiwa kazini. Alikuwa wifi. Hakusalimia sana.

"Nimeletewa kaa hapa. Hivi hawa wanalika?"

"Wamevuliwa wapi?"

"Upande wa nje, amesema."

"Wa nje wanalika. Wa ndani bado."

"Haya. Basi Jumapili uje mapema. Ni wengi, na kaka yako hajui kuwavunja."