Majivu ya Mikoko

Kwetu, kwenye vilima vya Kibiti, mke asiyepeleka majivu shambani huitwa mvivu. Mama yangu aliyazoa jikoni kila asubuhi, akayanyunyizia kunde na maboga, na viwavi wakahama. Sikupata kusikia kwamba majivu yanaweza kudhuru kitu.

Nikaolewa Mbwera, kisiwani kwenye mdomo wa mto, zama za Mwingereza. Mume wangu alikuwa mkata boriti, siku nyingi hulala huko huko mikokoni na wenzake, na nyumbani nilibaki na mama yake. Mwaka ule mafuriko yalikuwa yamezoa mpunga wote. Mbegu iliyosalia ilikuwa pishi mbili tu, tukaiotesha kwenye kitalu nyuma ya nyumba. Ikifa hiyo, hakuna wali mwaka mzima.

Miche ilipofikia urefu wa kidole, nikaona viwavi. Nilifurahi, Mungu anisamehe! Nikasema leo watajua wameoa mtu. Nikabeba majivu ya jikoni, nyungo mbili tele, nikamwaga umande ungali majanini.

Siku ya tatu miche ikawa ya njano. Siku ya tano ilikuwa imelala yote. Nilisimama mikono kichwani. Nikaokota majivu kidogo nikayaonja. Chumvi! Ulimi uliniwasha. Mikoko hunywa maji ya bahari, na sisi hatukupikia kuni nyingine. Hilo kila mtoto wa pale alilijua, ila mimi na ujuaji wangu.

Mama mkwe akatoka, akachuchumaa, akang'oa mche mmoja.

"Mama, nimeua mbegu," nikasema.

"Nilikuona ukimwaga."

"Uliniona? Mbona hukunikataza?"

"Nilidhani dawa ya kwenu, mwanangu. Nyie watu wa vilimani ndio wakulima. Mie nani nikukataze?"

Nilimkasirikia yeye na adabu zake kuliko nilivyojikasirikia mwenyewe, na sijui hasira ile niliitoa wapi.

Jioni ile ile mume wangu akarudi. Aliona kitalu kabla hata hajatua mzigo.

"Nani kafanya haya?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi.

"Mimi, mwanangu. Nimemwaga majivu. Uzee huu, nilisahau."

Yeye, aliyezaliwa kisiwani pale, asahau majivu ya mikoko! Mwanawe akasema taratibu, kama anayesema na mgonjwa, "Haya mama, kapumzike."

Nikaufunga mdomo wangu.

Mwaka ule tulikula samaki bila wali hadi tukawachukia. Msimu uliofuata mume wangu aliomba mbegu kwa jamaa, akapita mbele ya mama yake aliyekuwa amenyoosha mikono kuipokea, akanikabidhi mimi.