Kimya Ukumbini kwa Kihara

Watu wa mtaa wa Rhonda wakisikia unapenda roki, hukutazama kama mtu aliyesema anakula ugali kwa jemu. Kipkemei ametazamwa hivyo tangu ujana wake, na haijawahi kumkosesha usingizi. Ana miaka hamsini na kitu, ni fundi wa mabomba kule Olkaria, kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, na kila Jumapili, kanisa likishamwagika, hupita moja kwa moja hadi ukumbi wa Kihara, ambako watu huja kutazama mpira. Kabla ya mpira kuanza, skrini huwa ni ya wapenda roki. Wako wanne tu: yeye, Kihara mwenyewe, Wangu anayeuza vitambaa sokoni, na Ngigi, fundi wa redieta.

Hutazama filamu za konsati, za wazungu wa zamani wenye nywele hadi kiunoni, na kubishana. Majina halisi ya wanamuziki hao hawayatumii sana, wamewabatiza yao. Kuna Mzee Kofia mpiga gitaa, kuna Kifua Wazi mwimbaji, na kuna mpiga ngoma waliyemwita Posho Mill, kwa kuwa akianza kusaga hazimiki.

Kipkemei ndiye mwenyekiti. Hakuna aliyempigia kura. Alijipa cheo hicho kwa kutunga sheria, na sheria kubwa ni moja: gitaa likiingia solo, likipigwa peke yake, hakuna kusema, hakuna kukohoa, hakuna kufungua soda. Mwenyekiti pekee ndiye anayeweza kuvunja kimya. Solo ikiisha huinua mkono, hutoa alama zake kati ya kumi, wengine hutoa zao, kisha vita huanza. Vita vyenyewe huwa kati yake na Ngigi. Tangu wajuane hawajapatana alama hata siku moja. Kipkemei akisema jua linatoka upande wa Bahati, Ngigi atalitafuta upande wa Njoro.

Jambo ambalo wenzake hawakulijua ni kwamba mwenyekiti wao alikuwa amekuwa kiziwi. Kisima cha mvuke kikifunguliwa ili kipimwe, hunguruma mchana kutwa na usiku kucha, na kila mfanyakazi huvaa vifuniko vya masikio. Kipkemei alikuwa akivisogeza kando. Alisema kisima kinapiga besi, na kujifunika masikio mbele ya besi kama ile ni kukosa adabu. Ujinga wa aina hiyo ni mpenda roki tu awezaye kuufanya. Sikio la kushoto lilikwenda kwanza, la kulia likafuata polepole, hadi kilichobaki kikawa mtetemo kwenye meno. Kazini hakuna aliyegundua, maana pale visimani watu wote huongea kwa mikono.

Mkewe Chelangat alijua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipiga kelele nyumbani.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia, akimshika kidevu ili amtazame. "Waambie tu, Baba Cherop. Si ni marafiki zako?"

Hakutaka. Tusimpambe: aliogopa kama mtoto. Mwenyekiti wa muziki asiyesikia muziki ana kazi gani tena pale? Wangemwonea huruma, kisha wangemzoea, kisha wangeongea wao kwa wao, naye abaki kujaza kiti. Jumapili ndiyo ilikuwa siku pekee aliyojiona mtu mbele za watu. Basi akaanza kutazama vidole. Akasifu jasho la wapiga gitaa, akasifu mguu unavyogonga jukwaa, na ajabu ni kwamba heshima yake ikapanda.

"Mzee siku hizi ameenda deep," Wangu alikuwa akisema. "Anaona vitu sisi hatuoni."

Jumapili moja walikuwa wakitazama konsati ya Mzee Kofia uwanjani, maelfu ya wazungu wakinyeshewa bila kujali. Solo ikaingia. Kipkemei akainua kidole, ukumbi ukanyamaza.

Solo haikufika mbali. Spika zikakata, picha ikaendelea. Kihara akainuka nusu, akamtazama mwenyekiti apewe ruhusa. Mwenyekiti alikuwa ameinama mbele, anatikisa kichwa, anapiga goti kwa kiganja sambamba na vidole vya Mzee Kofia. Kihara akaketi taratibu. Wangu akaziba mdomo kwa mkono. Kilichosikika mle ndani ni kile kiganja gotini, na kuku wa jirani.

Solo ilipoisha, Kipkemei akainua mkono.

"Nane na nusu!" akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Mmesikia vile gitaa imelia hapo mwisho?" Akawageukia, kama alivyozoea, apate kusoma midomo.

"Nane," akasema Wangu, machozi yakimlenga.

"Nane," akasema Kihara.

Ngigi akajikuna shavu. "Nane na nusu," akasema. "Uko right, mzee. Imelia."

Hapo ndipo Kipkemei alipojua. Ngigi, kukubali! Akageukia amplifaya, akaona taa yake imezima. Aibu ilimpanda hadi masikioni, yale yale yasiyofaa kitu. Akasimama, akachukua koti lake.

"Sisikii, watu wangu," akasema. "Imekuwa kitambo. Tafuteni chairman mwingine."

Alikuwa mlangoni Ngigi alipomkamata mkono, akamrudisha, akamkalisha kwa nguvu. Kisha akavuta kiti chake mwenyewe, akakigeuza, akaketi goti kwa goti na Kipkemei, skrini ikiwa mgongoni pake. Kihara akachezea waya, sauti ikarudi, umati ukapiga mayowe. Ngigi hakugeuka kutazama. Alifungua mdomo wazi, akatoa neno moja moja, bila haraka.

"Angalia mdomo yangu. Hiyo nane na nusu ilikuwa ya huruma, na nimeirudisha. Hiyo solo ni mbili. Mzee Kofia anapiga gitaa ni kama anatafuta funguo kwa mfuko."

Kipkemei akalisoma kila neno. Macho yakamjaa, akakisogeza kiti mbele hadi pua zao zikakaribia kugusana.

"Mbili?" akafoka. "Ngigi, basi kiziwi hapa ni wewe!"