Yoti Kwenye Bwawa la Kaptagat

Nilizaliwa karibu na ziwa, nikapanda Eldoret kufunga umeme wa malori, na kwa miaka kumi sikuwahi kutulia. Baridi ya asubuhi ilinikera. Ukungu ulinikera. Hata kengele ya kanisa letu, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilinikera. Mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alizoea kuniambia, "Wewe ni kama kuku anatafuta pa kutaga. Mara hapa, mara pale, na yai hatulioni."

Kwa hiyo daktari mmoja wa meno aliponiita nikaone kitu alichokuwa akiunda nyuma ya nyumba yake, nilikwenda siku hiyohiyo, grisi ikiwa bado mikononi. Naye alikuwa mtu wa ziwani kama mimi. Chini ya paa la mabati alikuwa na yoti: mashua ya tanga iliyotengenezwa kwa chuma, urefu futi ishirini na mbili, na ndani kichumba chenye vitanda viwili na jiko la gesi. Vyuma vyake vilichomelewa na walewale wanaochomelea matangi ya maji. Injini ndogo ya dizeli ilitolewa kwenye posho mill, kinu cha kusagia mahindi.

"Nataka kurudisha mama kwa maji," akaniambia. Mama yake alikuwa amezeeka, amehamia kwake, na kila siku alilalamika kwamba Eldoret hakuna mahali pa kupumzisha macho. "Weka stima vizuri, fundi, na tukishuka ziwani tunashuka na wewe. Utakuwa wa kuiendesha."

Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu tuanze kufunga mizigo. Aliendelea kusahihisha madaftari.

Nilifunga ile yoti kama ninavyofunga lori, na kwa haraka ya mtu anayeona mlango umeachwa wazi. Betri mbili kubwa chini ya kitanda. Taa juu ya mlingoti, taa chumbani, na pampu ya kutoa maji yanayojikusanya chini kabisa, inayojiwasha yenyewe yakizidi. Juu ya paa la kichumba niliweka paneli ya sola, ambayo Daktari aliinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga friji za chanjo kwenye zahanati za mbali. Siku hizo sola ilikuwa ajabu. Chifu alikuja na askari wawili kuuliza.

"Hii kioo nyeusi, Daktari, si ni ya kuongea na watu wa ng'ambo?"

Daktari alieleza mara tatu. Mwishowe chifu akaifunika paneli kwa kofia yake, mshale wa mita ya umeme ukaanguka. Akaondoa kofia, ukapanda. Akacheza mchezo huo kwa muda mrefu, akitabasamu, kisha akakumbuka cheo chake na kusema kwamba barua ya ruhusa ya kusafirisha yoti hadi ziwani itabidi itoke juu. Zamani zile hukuuliza juu ni wapi. Ulingoja.

Tulingoja miezi minane. Daktari alikuwa na rafiki mkulima huko Kaptagat mwenye bwawa kubwa, lenye kina na baridi ya kuuma mifupa, na yoti ikawekwa humo tuijaribu huku barua ikisubiriwa. Nilikuwa nimeshaaga gereji. Nilifanya vibarua vya hapa na pale, na kila Ijumaa nilikwenda bwawani kuitazama. Nilipima maji ya betri, nikafuta vumbi kwenye paneli. Betri zilijaa siku zote. Nilijivunia sana hilo, nikawaambia watu ambao hata hawakuuliza.

Hadi Ijumaa moja niliwasha pampu, ikazunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Betri zimejaa, pampu imelegea. Nikafuata waya kwa vidole, na nilipofika nyuma, karibu na rafadha inayosukuma chombo, nikaona kazi yangu.

Kwenye lori, taa hupewa waya moja tu. Umeme hurudi kwenye betri kwa kupitia chesisi yenyewe, ule uti wa chuma wa gari, na hakuna anayedhurika, maana lori liko juu ya matairi. Nilikuwa nimefanya hivyohivyo kwenye chombo kilichokaa majini. Waya ya pampu ilikuwa imechubuka na kugusa chuma, na mkanda wa waya niliofunga kati ya chuma na injini, umeme urudie humo, ulikuwa umeliwa na kutu. Umeme ukajitafutia njia: ukatoka kwenye chuma, ukapita majini hadi kwenye rafadha, ukarudi kwenye betri kupitia injini. Na kila unapotoka kwenye chuma kuingia majini, huondoka na chuma kidogo. Kama kusingekuwa na paneli, betri ingekufa wiki ya kwanza na ningejua kuna mahali umeme unavuja. Lakini jua lilikuwa linajaza kila siku kile kilichovuja. Paneli yangu ndiyo iliyolisha ule ugonjwa miezi yote hiyo.

Niligonga chuma kwa mpini wa bisibisi. Mbele kulilia kizito. Nyuma kulilia kama mkebe. Nikabonyeza kidogo, tone la maji likaingia, likafuatwa na lingine.

Nitasema ukweli wangu. Jambo la kwanza nililofikiria si yule mama wala Daktari. Nilifikiri: barua imetoka. Ilikuwa imetoka Jumatano, na lori la kubeba yoti lilikuwa limeshapangwa. Nikisema, yoti itarudi kwa wachomeleaji, barua itapitwa na tarehe zake, na mimi nitarudi gereji kuomba kazi yangu kwa watu niliowaaga kwa mbwembwe. Nikijinyamazia, ziwani nitapata nafasi ya kubandika chuma kipya bila mtu kujua. Basi nikafunga waya vizuri, nikaweka mkanda mpya, kisha nikakanda kipande cha sabuni ya kufulia na kuziba pale palipovuja, jinsi madereva wanavyoziba tangi la dizeli likitoboka njiani. Linafika mpakani Malaba hivyo.

Jumamosi sikuweza kukaa kwenye kiti. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama nina homa.

Jumapili, baada ya kanisa, Daktari alikuja bwawani na mama yake. Sikutarajia. "Anasema hawezi kungoja hadi ziwani," Daktari akacheka. "Tumzungushe kidogo tu." Mama alivaa kitambaa chake cheupe cha kanisani na viatu vya kufunga. Daktari, ambaye mwanzoni nilidhani ameogelea utotoni kama sisi sote, alikuwa ameniambia zamani kwamba alipelekwa shule ya bweni mapema na hakujifunza kuogelea kamwe. Hapo ndipo ningefungua mdomo. Nikafungua, nikasema, "Mama, shika hapa, usiteleze."

Nilivuta tanga, upepo ukaishika yoti, na Mama akaanza kuimba taratibu kwa lugha ya nyumbani. Mimi nilikuwa nasikiliza chini tu. Tulipofika katikati nikasikia pampu imejiwasha. Kisha Mama akainama ubavuni, akaanza kucheka.

"Nani anafua nguo huko chini?"

Pampu ilikuwa inatema povu. Povu jeupe, zito, likitandaa nyuma yetu. Sabuni huzuia dizeli. Majini huyeyuka, na hilo lajulikana na kila mtoto anayetumwa mtoni na ndoo. Mimi tu, na uzoefu wangu wote wa malori, ndiye niliyelisahau.

Niliwasha injini, nikageuza. Maji yalishafika kwenye vitanda. Daktari alitazama povu, akatazama uso wangu, akamshika mama yake mabega. Sijawahi kuogopa vile, na sijawahi kuona ukingo ukikaa mbali vile. Yoti ilikwama kwenye matope umbali wa hatua chache kutoka nchi kavu, nami nikaruka, nikambeba Mama mgongoni. Alikuwa mwepesi mno. Nilipomketisha kwenye nyasi akanipapasa mkono.

"Asante, baba," akasema. "Wewe ndiye umetutoa."

Daktari alisimama mbele yangu, suruali ikichuruzika maji.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema leo asubuhi. Neno lilikuwa tayari ulimini, na angeniamini.

"Ijumaa," nikasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipiga magoti, akamfungua mama yake viatu, akavimwaga maji kimoja kimoja na kuvipanga juani. Kisha, bila kunitazama, akanyoosha mkono, nami nikampa ufunguo wa injini.